Nimefumua koti la mtumba mpaka kwenye kanvasi

Semista hii tumeambiwa kila mtu achague namna moja ya ubunifu wa mavazi, aichimbe mpaka mwisho, afu atoe nguo moja inayoonyesha alichokielewa. Wenzangu wengi wamechukua nguo za harusi, wengine vitenge, mi nimechukua dikonstraksheni. Kwa asiyezijua, ni zile nguo zinazoonekana kama fundi ameondoka kazi haijaisha, mshono uko nje, pindo halijapigwa, bitana inachungulia, mkono umekaa mahali ambapo hukutegemea kukuta mkono. Mtu akiziona mara ya kwanza anasema si imechanika tu hii. Na huku mtaani ndo imeshakuwa hivo, mtu anachana jinzi magotini kwa wembe anakwambia nimeifanyia dikonstraksheni, na mi hapo huwa nabishana naye mpaka mwisho, kwa sababu kuchana jinzi hakukudai ujue imeshonwaje, na hii kazi bila kujua nguo imeshonwaje huwezi hata kuianza.

Nilivyoielewa mimi ni hivi. Nguo yoyote nzuri ina kazi kubwa iliyofichwa ndani, na fundi anayesifiwa kwa kawaida ni yule anayejua kuificha. Dizaina wa dikonstraksheni anaifungua ile kazi anaitoa nje watu waione, afu anajiuliza hiki kipande kwa nini lazima kikae hapa, kikikaa pale itakuwaje. Jina lenyewe limetoka kwa mwanafalsafa wa Ufaransa, Jacques Derrida, ambaye miaka ya 60 alikuwa anayasoma maandishi kwa namna hiyo, likapita kwa wasanifu majengo, likafika kwenye nguo mwishoni mwa miaka ya 80. Falsafa yake nimeisoma kwa sababu ilibidi, ila niliyoyajua kwa uhakika nimeyajua nikiwa nimekaa chini na wembe na koti.

Nilichagua koti la suti maana ndo nguo inayoficha mambo mengi kuliko zote. Nikaenda soko la mitumba la Karume pale Ilala, asubuhi, kabla watu hawajawa wengi. Nilikuwa nataka koti la sufi, la zamani, lisilo la gundi. Hapa nieleze kidogo. Makoti mengi ya siku hizi sehemu ya mbele yamebandikwa kitambaa chenye gundi kwa ndani, kwa joto na mgandamizo, ili kifua kisimame. Kiwandani ni haraka na ni rahisi, ila likifuliwa vibaya au likipigwa joto sana gundi inaachia, unaona mbele pametoka mapovu mapovu na hapo hakuna pasi ya kulirudisha. Makoti ya zamani na yale ya gharama yana kanvasi, kitambaa kigumu kilichofumwa pamoja na manyoya ya mbuzi au ya farasi, kinashikizwa kwa uzi. Ukiwa sokoni unajua hivi: shika mbele ya koti chini ya kifungo cha mwisho, kitambaa cha nje kivute kwa vidole vya mkono mmoja, cha ndani kwa vidole vya mkono wa pili, ukisikia kuna kitu cha tatu kinateleza katikati, kimelegea, hiyo ndo kanvasi. Ukikuta viwili tu na cha nje kimekakamaa, hiyo gundi, liache. Muuzaji aliniona navutavuta makoti yake akaniuliza dada unatafuta nini humo ndani, nikamwonyesha, akajaribu mwenyewe, na kuanzia hapo akawa ananichagulia yeye.

Nikapata la kijivu, la kiume, lebo imeshatolewa, bitana imeisha kwapani, kwa muuzaji hilo halina thamani na kwangu ndo lilikuwa lenyewe.

Nikalipeleka kwa mzee mmoja wa mtaani kwetu ambaye cherehani yake iko barazani kwake miaka nenda rudi. Alikuwa fundi wa suti enzi mtu akitaka suti anapimwa, analetewa sampuli za vitambaa, anarudi kujaribu kabla haijamalizika. Sasa hivi kazi zinazomletea hela ni kupunguza makoti ya mitumba na kubadilisha zipu. Nikampa shikamoo nikamweleza kwamba nataka kulifumua lote nione kila kitu kilipokaa. Hakushangaa. Akalipindua, akaliangalia bitana, akasema, "Binti, mkasi weka pembeni. Chukua wembe, anza na bitana, na kila kipande ukikitoa kiandike kwa chaki kilikuwa wapi, la sivyo kesho hutajua bega la kulia ni lipi."

Ukianza na bitana unaanzia kwenye pindo la mkono. Pale unakuta bitana ni ndefu kuliko mkono wenyewe, ile ziada imekunjwa kidogo ndani, na sababu yake ni kwamba ukinyoosha mkono kushika daladala bitana iwe na pa kutokea isivute kitambaa cha nje. Hiyo tu ilinifurahisha, mtu amekufikiria mkono wako utakavyonyooka na hujawahi kumwona. Unapanda mpaka begani. Pale juu ambapo mkono unaungana na bega kuna kipande chembamba cha pamba kinaubeba mkono usibonyee, chini yake kuna pedi, na pedi nayo si kitu kimoja, ni tabaka za pamba zimepangwa moja juu ya nyingine, nene kwa nje nyembamba kuelekea shingoni, zimeshikwa na bandi, ile mishono ya kushikizia tu, ndefu ndefu zilizolegezwa. Mkono ukishatoka upime ule mduara wake wa juu, afu pima tundu la koti ulilotoka, utakuta mkono ni mrefu kuliko tundu kwa sentimita mbili tatu hivi au zaidi. Yani fundi aliingiza kitu kikubwa kwenye tundu dogo na hakuna hata mkunjo mmoja unaoonekana kwa nje, ameufinya kwa mvuke wa pasi na kwa vidole, na sufi inakubali kufinywa namna hiyo, poliesta haikubali, ndo maana koti la poliesta mara nyingi bega lina vikunjo vikunjo.

Afu lapeli, ile sehemu ya kifuani inayokunjwa kwa nje. Hii nilikaa nayo muda mrefu kuliko yote. Ukiifungua unakuta kanvasi imejaa vijimshono vya mshazari, mamia kwa mamia, safu kwa safu, kila kimoja kimedaka uzi mmoja au mbili tu za kitambaa cha nje ili kisitokeze upande wa pili. Mzee akanionyesha inavyofanyika, unaikunja lapeli juu ya kidole cha shahada, unashona ikiwa imejikunja hivo hivo, hivyo kanvasi na kitambaa vinafungwa vikiwa tayari vina mviringo. Ukimaliza lapeli inajiviringisha yenyewe, huihitaji kuipiga pasi ilale bapa. Nikamuuliza lapeli moja inachukua muda gani, akasema inategemea mteja anaharakisha kiasi gani, ila mwenyewe alikuwa anazishona jioni, kazi za mashine zikiwa zimeisha na barabara imetulia.

Kilichonibadilisha kichwa kabisa kilikuwa mshono wa mgongo. Fundi wa kwanza aliacha kitambaa cha akiba ndani kama vidole viwili kila upande. Nilipoufungua, ile sehemu iliyokuwa imejificha ilikuwa na rangi nyingine, kijivu kinachoelekea bluu, wakati koti zima kwa nje limepauka linakaribia kuwa kahawia. Rangi halisi ya koti ilikuwa imebaki humo ndani tu. Na pembeni yake kulikuwa na mstari wa vitundu vya sindano, umenyooka, sambamba na mshono niliofumua, na mabaki ya chaki. Mzee akavaa miwani. "Huyu alinenepa," akasema, "akaja kuachiwa. Angalia, uzi huu si wa fundi wa kwanza, huu wa mashine, na aliyeachia alikuwa na haraka." Mtu ambaye hatujui jina lake wala mji wake, tunajua alivaa hili koti miaka mingi, akaongezeka mwili, akalipenda kiasi cha kwenda kuliachia badala ya kununua lingine. Hayo yote yako ndani ya mshono na ukilivaa koti huyaoni.

Baada ya hapo ndo nguo za Martin Margiela zikaanza kunielea. Huyu ni dizaina Mbelgiji, kasoma akademia ya sanaa ya Antwerp, akafanya kazi kwa dizaina Jean Paul Gaultier, afu mwaka 1988 akafungua nyumba yake ya mitindo Paris pamoja na Jenny Meirens. Shoo yao ya kwanza ilikuwa mwaka huohuo, wanamitindo walivaa viatu vilivyogawanyika kidoleni kama soksi za Kijapani, vimepakwa rangi nyekundu chini, wakaacha nyayo kwenye kitambaa cheupe cha sakafuni, na kitambaa hicho hicho hakikutupwa, msimu uliofuata kikashonwa vizibao. Lebo yake ilikuwa kitambaa cheupe kisichoandikwa chochote, kimeshikwa pembe nne na mishono minne inayoonekana mgongoni kwa nje. Mwaka 1991 alitengeneza sweta kwa soksi za jeshi zilizofumuliwa na kuunganishwa upya, visigino vya soksi vikawekwa kwenye matiti na kwenye viwiko, kwa sababu kisigino tayari kina umbo la kufunika kitu cha mviringo. Angalia hiyo akili. Hakuchana kitu ovyo, alijiuliza kisigino kinafanya kazi gani afu akakipa kazi hiyohiyo mahali pengine.

Ila zilizonikamata zaidi ni za mwaka 1997. Alichukua ile sanamu ya fundi ya kupimia nguo, ya kampuni ya Stockman, akaigeuza kuwa nguo yenyewe, kizibao cha kitani kigumu chenye namba ya saizi imepigwa muhuri, yani mwanamke anavaa sanamu ambayo nguo yake ingetengenezwa juu yake. Na makoti yake ya mwaka huo yapo nusu njiani, pedi ziko wazi, bandi bado zipo, pamba inaonekana. Nilipoyaona mwaka wa kwanza kwenye picha nilidhani ni vurugu. Sasa nikiyaangalia naweza kukuonyesha kwa kidole, hii ni pamba ya kubebea mkono, hii kanvasi ya kifua, hii ni bandi ya kwanza kabla ya kujaribisha. Ni koti la suti lililosimamishwa katikati ya kazi, na kila kilichoko pale ni kile ambacho mzee wangu wa barazani amekificha maisha yake yote.

Kabla yake walikuwepo madizaina Wajapani, na bila wao sidhani kama Margiela angefika pale. Rei Kawakubo hakusomea kushona, alisomea sanaa Chuo Kikuu cha Keio, akaanzisha lebo yake, Comme des Garçons, Tokyo mwaka 1969. Mwaka 1981 yeye na Yohji Yamamoto wakaonyesha Paris, nguo nyeusi, pana, hazibani popote, na mwaka 1982 ikaja ile sweta yake maarufu yenye matundu. Watu wanadhani aliichana. Sivyo, alilegeza skrubu za mashine ya kufumia ili mashine yenyewe iache nafasi kwa bahati, tundu limefumwa, halikukatwa, na yeye akaliita lesi.

Kinachonivutia kwa hawa Wajapani ni walikotokea. Koti la Ulaya linakata kitambaa kulingana na mwili, mkunjo hapa wa kubana kiuno, pedi pale ya kuinua bega, mpaka nguo inasimama yenyewe hata bila mtu. Kimono haiko hivyo. Kitambaa cha kimono kinafumwa chembamba, upana kama sentimita 36, kinakatwa vipande vilivyonyooka, karibu hakuna kinachotupwa, na zamani kufua kimono nzuri ilikuwa ni kuifumua yote, kufua vipande vikiwa vimenyooka, afu kuishona tena. Kwa watu hao nguo kufumuliwa haikuwa kuharibiwa, ilikuwa sehemu ya matunzo yake. Sasa mtu aliyekulia kwenye utamaduni huo akija Paris anakutana na koti lililofungwa kila kona, lazima alifungue.

Na hapo ndo nikakumbuka kanzu. Sisi hapa pwani tuna nguo ya namna hiyohiyo na darasani hatuisomi. Kanzu inakatwa kwa vipande vilivyonyooka, badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni kuanzia kwapani ikipanuka kwenda chini ili hatua ipate nafasi, vikwapa vidogo chini ya mkono ili mkono uinuke bila kanzu kupanda, na kaba ndani ya shingo. Hakuna mkunjo wa kubana wala pedi. Umbo linatoka kwa mtu anayeivaa na kwa upepo. Mtu mnene na mwembamba wanaweza kuvaa kanzu moja na wote ikawapendeza, jambo ambalo koti halitakufanyia kamwe. Leso nayo, inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani karne ya 19 walikuwa wananunua vitambaa vya mkononi vilivyokuja vikiwa vimeungana kwenye jora, wanavikata sita sita na kuvishona tena wapate vazi moja pana, mpaka wafanyabiashara wakaanza kuagiza tayari kikiwa kipande kizima. Yani kabla kanga haijawa kanga kuna wanawake walikaa chini wakafumua bidhaa ya mtu mwingine wakaipanga upya wanavyotaka wao. Hawa mi nawaweka kwenye historia ya kazi hii bila wasiwasi wowote, na kwenye ripoti yangu nimewaweka ukurasa wa kwanza kabla ya Paris.

Sasa nije kwenye jambo gumu. Mwaka 1982 waandishi wa Ulaya waliziona zile nguo za Kawakubo wakasema ni nguo za umaskini, wengine wakazifananisha na manusura wa Hiroshima. Ilikuwa ni matusi, na ni kweli pia kwamba nguo yenye kingo zilizofumuka inasomeka tofauti kulingana na nani kaivaa na kasimama wapi. Mwenye hela akivaa koti lenye nyuzi zinaning'inia watu wanajua amechagua. Kijana wa Buguruni akilivaa hilohilo kwenda kwenye usaili wa kazi watu wanaona hana. Mama yangu alipoona kazi yangu mezani aliniambia kwa upole tu, mwanangu, sisi tulihangaika mtoke nyumbani nguo ikiwa imepigwa pasi. Yeye anakumbuka mwanzo wa miaka ya 80 kanga ilikuwa ya foleni, nguo mpya ilikuwa habari, na mitumba ilivyokuja kwa wingi baadaye watu waliiita kafa Ulaya na bado waliivaa kwa heshima, imefuliwa, imenyooshwa, imepunguzwa kwa fundi mpaka hakuna anayejua ilikuwa ya nani. Mafundi wetu ni mabingwa wa kufumua, wanafumua koti la mtu wa saizi 54 wanatoa koti la mtu wa 46, ila wanafanya hivyo ili mkono wao usionekane, na wana sababu. Mteja analipia kutoonekana.

Kwa hiyo siwezi kuchukua tu staili ya Antwerp nikaileta Dar kama ilivyo. Kule inapingana na nguo zilizokamilika kupita kiasi, na hapa mtu ametumia nguvu nyingi kuufikia huo ukamilifu. Nimekaa sana na hili swali na nilipofikia mimi ni kwamba kinachostahili kuonyeshwa ni kazi, si uchakavu. Mshono wa lapeli ukiuweka nje, ukiwa msafi, unaonyesha ujuzi wa mtu. Nyuzi zinazoning'inia hazionyeshi chochote isipokuwa muda umepita. Wengi wanaoiga hii staili wanachukua zile nyuzi wanaacha ujuzi.

Kuna mtu ambaye kaligeuza hili swali kwa namna ninayoiheshimu sana, Bobby Kolade wa Kampala. Kasomea Berlin, kapita nyumba za mitindo za Margiela na Balenciaga huko Paris, afu karudi Uganda alikokulia, na mwaka 2022 akatoa chini ya lebo yake ya Buzigahill mradi unaoitwa Return to Sender. Anachukua mitumba ya soko la Owino, anaifumua, anaiunganisha upya, fulana nne zinakuwa moja, suruali inaota upande mwingine, afu anaiuza hukohuko ilikotoka. Jina la mradi linajieleza, mzigo unarudi kwa aliyeutuma, ila unarudi ukiwa umepita kwenye mikono ya watu wa Kampala na bei imewekwa Kampala. Ukikumbuka kwamba mwaka 2016 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana kuondoa mitumba polepole, Rwanda ikapandisha ushuru kutoka senti 20 za dola kwa kilo mpaka dola 2 na nusu, na mwaka 2018 Marekani ikaisimamishia Rwanda nafuu ya kuingiza nguo bila ushuru, unaona kwamba koti la Karume halijaja kwa bahati, kuna mikataba nyuma yake. Kolade hajaishia kulalamika, kashika wembe. Na mishono yake iko nje, kwa makusudi, ili mnunuzi wa Ulaya ajue kuna mtu ameigusa.

Pia nilimsoma dizaina Hussein Chalayan kwa sababu alikuwa mwanafunzi kama mimi, kazi yake ya kuhitimu chuo cha Central Saint Martins cha London mwaka 1993 alizika nguo ardhini pamoja na unga wa chuma akazifukua zikiwa na kutu. Nzuri sana, ila si njia yangu, ile ni nguo inayobadilishwa na udongo na mi nataka ibadilishwe na fundi.

Nguo yangu basi iko hivi mpaka sasa. Badani za mbele ni za lile koti la kijivu. Upande wa kushoto nimelipindua, kanvasi ya lapeli iko nje, vijimshono vyote vya mshazari vinaonekana, sikuongeza wala kutoa hata kimoja. Upande wa kulia umebaki kama fundi alivyouacha, umefungwa, ili ukimwangalia mtu aliyelivaa uone ndani na nje kwa mara moja. Mishono ya ubavu nimeiondoa kabisa, mahali pake nimeweka taharizi za kanga, zinaanzia kwapani zinapanuka kwenda chini, kwa hiyo koti halina tena kiuno, linaning'inia kama kanzu. Kanga nimeikata kwenye pindo tu, jina sikuligusa, lile eneo lenye maandishi nimelikunja zima likawa bitana ya mgongo. Chini ya mikono nimetia vikwapa, mzee ndo alinikatia kimoja nikafuatisha cha pili. Mgongoni nimeuacha ule mstari wa rangi ya zamani uwe wazi, kijivu cha bluu katikati ya kijivu kilichopauka, pamoja na vitundu vya yule aliyenenepa.

Kingo zote zilizo wazi nimezipigia mshono mmoja wa mashine milimita 3 kutoka ukingoni, mshono mfupi mfupi, ili zisiendelee kufumuka, afu nimepiga pasi kwa mvuke kila hatua. Ovaloku, ile mashine ya kuzungushia uzi ukingoni, sikutumia, ile mizunguko ya uzi inavuta macho na inaficha ukingo ulivyokatwa. Mama ameliangalia tena juzi akauliza kanga ya wapi hiyo, akashika taharizi, akasema hii imepigwa pasi vizuri.

Kilichobaki ni bega la kushoto. Nilitoa pedi na ile pamba ya kubebea mkono, sasa bila kitu pale juu mkono unaanguka mbele na unaivuta lapeli, ule mviringo mzuri unaharibika. Mzee anasema nirudishe tabaka moja jembamba tu, na liwekwe kwa nje lionekane kama nataka lionekane. Mi nafikiria kuushusha mkono wote, kuuunga chini ya bega kama mkono wa kanzu, ambapo pedi haitahitajika kabisa ila itabidi nifumue kikwapa nikikate upya kiwe kipana zaidi. Sanamu ya darasani haina mikono kwa hiyo hapo hainisaidii. Jumamosi nalipeleka barazani, mjukuu wake atalivaa atembee nalo, ainue mikono, akae kwenye kiti, afu tutaamua.